Vyuo vilipofungwa mwaka 2020, mimi na pacha wangu wa kiume tulirudi nyumba moja na tukaumia kwa njia mbili

#1 – Mleta uzi

Ndugu wanajukwaa, salaam. Uzi huu ni mrefu, na ninamwomba mwenye nafasi ausome wote kabla ya kuchangia, kwa sababu kila mara jambo hili linapoletwa hapa wanaume na wanawake huanza kushindana kuhusu nani aliumia zaidi wakati wa Korona, na wale walioumia kweli hunyamaza.

Tarehe 16 Machi 2020 Tanzania ilitangaza mgonjwa wake wa kwanza, aliyepatikana Arusha. Siku iliyofuata Waziri Mkuu Kassim Majaliwa alitangaza kufungwa kwa shule, na tarehe 18 ikawa zamu ya vyuo. Mimi nilikuwa mwaka wa pili Dar es Salaam, na pacha wangu alikuwa mwaka wa pili Dodoma. Kwetu Usukumani pacha anayetangulia kuzaliwa huitwa Kulwa na anayefuata huitwa Doto. Mimi ndiye Kulwa, na yeye nitamwita Doto humu, kwa ruhusa yake. Kabla wiki haijaisha tulikuwa tumerudi mkoani Shinyanga, katika nyumba ileile tuliyokulia, kwa wazazi walewale, na tukakaa huko mpaka vyuo vilipofunguliwa tarehe 1 Juni. Zilikuwa siku zisizozidi 75. Nchi yetu haikuweka kafyu, masoko yalikuwa wazi, na hakuna mtu wa nyumbani kwetu aliyeugua. Ninayataja haya mapema ili ieleweke kwamba kilichotuvuruga hakikuwa homa wala kikohozi.

Wiki ya kwanza ilikuwa kama likizo. Katika wiki ya pili biashara ya nguo ya mama pale sokoni ilidorora, na dada aliyekuwa akitusaidia kazi alirudishwa kwao ili kupunguza matumizi. Hakuna aliyenikalisha chini na kuniambia kwamba kuanzia kesho kazi zake ni zangu. Binti alikuwa amerudi, basi kazi zikamfuata. Niliamka saa kumi na moja alfajiri kuteka maji, nikapika uji wa bibi ambaye amepooza upande mmoja, nikamgeuza, nikamwosha, nikafua, nikapika cha mchana na cha usiku, na nilipofungua daftari ilikuwa saa nne usiku na macho hayaoni. Mwalimu mmoja alikuwa akitutumia maandiko kwenye kundi la WhatsApp. Niliyaona yakipita kama magari ya barabara kuu. Mwezi wa Aprili ulipofika nilianza kushtuka saa tisa usiku moyo ukienda mbio, nikalia bila sababu ninayoweza kuitaja, na chakula kikawa hakina ladha. Nilisadiki kabisa kwamba sitarudi chuo, na kwamba hata nikirudi sitakuwa na akili ya kusoma.

Doto hakupewa kazi yoyote, na hilo ndilo lililomwumiza. Dodoma alikuwa na meza ndogo ya kutengeneza simu karibu na chuo, alijilipia chumba, na mara mojamoja alimtumia mama fedha. Aliporudi nyumbani alikuwa kijana wa miaka 22 asiye na senti, anayelala chumba kimoja na wadogo zake, na kila jioni baba alimwuliza ameshinda akifanya nini. Alianza kuondoka asubuhi ili tu asionekane amekaa. Kijiweni walikuwa wakibeti, na ligi karibu zote zilipokuwa zimesimama wao walihamia ligi ya Belarus, ambayo ilikuwa miongoni mwa chache duniani zilizoendelea kuchezwa majira yale. Doto aliweka mikeka ya timu ambazo hakuweza hata kuyatamka majina yake. Mikeka ikachanika, akakopa, akaanza kunywa pombe ya kienyeji, akawa mkali. Siku moja alimjibu baba maneno ambayo katika nyumba yetu hayajapata kusikika. Sikumwona akilia hata mara moja, nami katika uchovu wangu nilimwona kuwa ni mtu aliyeharibika tu na nikamchukia.

Tuliporudi vyuoni mwezi Juni, rafiki yangu wa hosteli aliona ninavyokaa kitandani, akanishika mkono na kunipeleka kituo cha afya cha chuo. Pale nilijaza dodoso la maswali tisa ambalo kwa kitaalamu huitwa PHQ-9, la kupima sonona, yaani ugonjwa wa huzuni nzito. Linauliza kuhusu wiki mbili zilizopita: hamu ya kufanya mambo, huzuni, usingizi, uchovu, hamu ya kula, kujiona umeshindwa, kushindwa kutulia kwenye jambo, mwenendo wa mwili, na mwisho kama umewahi kuona afadhali ufe. Kila swali lina alama kuanzia 0 hadi 3, kwa hiyo jumla ya juu kabisa ni 27, na kuanzia 10 mtaalamu huwa anapaswa kukuangalia kwa karibu. Mimi nilipata 17. Nikapewa miadi ya ushauri nasaha, na baada ya miezi mitatu nilikuwa ninalala.

Doto hakwenda kokote. Hakuhudhuria majaribio mawili, alishika supu tatu, yaani mitihani ya marudio, na mwaka uliofuata alidisko, yaani aliondolewa chuoni kwa kufeli. Katika kumbukumbu za vyuo vyetu viwili, mimi nimeandikwa kuwa mwanafunzi aliyekuwa na sonona na akatibiwa, na yeye ameandikwa kuwa mwanafunzi aliyefeli. Nyumba ilikuwa moja, miezi ilikuwa ileile, na tumbo lililotuzaa ni moja.

Ndiyo maana ninaposoma takwimu za janga lile ninazisoma kwa uangalifu. Oktoba 2021 jarida la Lancet lilichapisha makadirio ya nchi na maeneo 204, yaliyoonyesha kwamba katika mwaka 2020 pekee wagonjwa wa sonona waliongezeka kwa milioni 53.2 kupita kiwango ambacho kingetarajiwa bila janga. Kati ya hao, wanawake walikuwa milioni 35.5 na wanaume milioni 17.7. Kwa wasiwasi uliopitiliza nyongeza ilikuwa milioni 76.2, nao wanawake walikuwa milioni 51.8. Vijana waliathirika kuliko wazee, na waandishi wenyewe walisema kwamba sehemu kubwa ya Afrika haikuwa na tafiti za kutosha kuingizwa katika hesabu. Mwaka uliofuata Shirika la Afya Duniani lilitumia makadirio hayo kusema kwamba sonona na wasiwasi viliongezeka duniani kwa asilimia 25, na likawataja vijana na wanawake kuwa ndio waliopigwa zaidi.

Ninaamini takwimu hizo. Mimi ni mmojawapo wa wanawake hao. Lakini ninaamini pia kwamba Doto hayumo katika ile milioni 17.7 wala katika hesabu nyingine yoyote, na kwamba tofauti ya jinsia tunayoisoma kwenye majedwali imechanganya mambo mawili: namna nyumba zetu zinavyomtwisha binti mzigo na kumnyang'anya kijana nafasi, na namna madodoso na ofisi zetu zinavyomwona anayelia na kumpita anayekasirika. Ninaomba tulijadili hili kwa staha. Aliyekuwa chuoni wakati ule, wa kike au wa kiume, aeleze nyumbani alikuta nini.

#2 – Mchangiaji wa Kilifi

Dada Kulwa, pole na hongera kwa kulileta jambo hili kwa utaratibu. Mimi nilikuwa mwaka wa tatu katika chuo kimoja cha Nairobi. Huku Kenya mgonjwa wa kwanza alitangazwa tarehe 13 Machi, siku mbili baadaye Rais Uhuru Kenyatta akaagiza shule na vyuo vifungwe, na sisi hatukuondoka nyumbani kwa siku 75 kama ninyi. Vyuo vilifunguliwa kwa awamu kuanzia Oktoba, na wengi wetu tuliingia tena darasani mwaka 2021 ulipokwisha kuanza. Kafyu ilianza tarehe 27 Machi, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri, na mwezi Aprili ikapigwa marufuku kutoka au kuingia Kilifi, Kwale na Mombasa, sawa na Nairobi.

Baba yangu alikuwa mpishi katika hoteli ya watalii. Wageni walipokosekana hoteli ilifungwa, na mzee akarudi nyumbani na begi lake la visu. Mimi ndimi kifungua mimba. Hakuna aliyenilazimisha kwenda timboni kuchonga mawe, ila nilipomwona mzee amekaa barazani akitazama barabara, nilijua nani anatazamwa. Nilichonga mawe mchana, na usiku nilijaribu kusikiliza mihadhara iliyorekodiwa, wakati bando la siku moja lilikuwa linakula karibu robo ya nilichopata. Dada yangu mdogo, ambaye naye alikuwa chuo, alilia mbele ya mama na mama akamkumbatia. Ninakiri kwamba nilimwonea wivu.

Nina jambo moja la kuongeza juu ya lile swali la tisa. Mwaka ule watafiti walitusambazia dodoso la mtandaoni kwenye kundi la darasa, na nililijaza. Nilipofika swali la kuona afadhali ufe, niliandika sifuri, na haikuwa kweli. Nilikumbuka kwamba kifungu cha 226 cha sheria yetu ya jinai kilifanya kujaribu kujiua kuwa kosa, na sikuwa na hakika ni nani atakayesoma majibu yangu. Mahakama Kuu ilikitangaza kifungu hicho kuwa kinapingana na Katiba tarehe 9 Januari 2025, miaka mitano baadaye. Kwa hiyo katika utafiti ule, kama umechapishwa, mimi ni mwanamume mmoja asiye na tatizo.

#3 – Mwalimu wa takwimu

Mwanangu Kulwa, nimefundisha takwimu za afya kwa miaka mingi na ninaandika kwa sababu uzi wako unastahili kujibiwa kwa uzito. Nitakukosoa sehemu mbili na kukuunga mkono sehemu moja.

Kwanza, tofauti hii haikuzaliwa na Korona. Hata kabla ya mwaka 2020, tafiti za nchi nyingi zilikuwa zikionyesha kwamba sonona huwapata wanawake takribani mara mbili ya wanaume, na pengo hilo huanza kuonekana wakati wa balehe. Kwa hiyo mtu akikuambia kwamba katika kipindi cha janga wasichana wa chuo walikuwa na sonona zaidi, mwulize walikuwaje mwaka 2019. Kipimo cha haki ni kasi ya ongezeko. Katika makadirio uliyoyataja, sonona iliongezeka kwa asilimia 29.8 kwa wanawake na asilimia 24.0 kwa wanaume. Pengo lipo na ni la kweli, lakini si lile linaloonekana mtu anapotaja milioni 35 na milioni 17 bila kueleza kwamba wanawake walianzia juu.

Pili, na hapa nitakuwa mkali kidogo, usiruhusu ukimya wa wanaume ugeuke kuwa kifutio. Nimeona mijadala mingi inaanza na maumivu ya wanawake yaliyopimwa na kuishia na maumivu ya wanaume yanayokisiwa, na kufikia hapo wasichana wamekwisha kusahauliwa. Japani mwaka 2020 ilihesabu wanaume 14,055 na wanawake 7,026 waliojiua. Idadi ya wanaume ilikuwa mara mbili ya wanawake, ila ilishuka kidogo kulinganisha na mwaka uliotangulia, huku ile ya wanawake ikipanda kwa zaidi ya watu 900. Anayetaja nusu moja ya habari hiyo na kuificha nyingine anawadhulumu watu wa upande mmoja. Na pacha wawili wa nyumba moja ni ushuhuda mzuri, lakini nyumba zetu hazifanani.

Ninapokuunga mkono ni kwenye vipimo. Ufaransa ilifanya utafiti mkubwa wa wanafunzi wa vyuo vikuu kati ya Aprili na Mei 2020, wakati watu wamefungiwa ndani, na wanafunzi 69,054 walijibu. Asilimia 72.8 ya waliojibu walikuwa wanawake. Waulize wenye vyuo vya Ufaransa kama wana wanaume wachache kiasi hicho, hawana. Wavulana walipokea mwaliko uleule na wengi hawakuujibu. Utafiti huo uliona kwamba kuwa mwanamke, kupoteza kipato, na kuishi katika makazi duni ni mambo yaliyokwenda pamoja na hali mbaya zaidi, na kwamba kati ya waliokuwa na angalau dalili moja nzito, ni asilimia 12.4 tu waliokuwa wamemwona mtaalamu wa afya.

Kuna dodoso jingine maarufu la kupima sonona, CES-D, lenye maswali 20, ambalo moja linauliza kama umekuwa na vipindi vya kulia. Watakwimu wameonyesha kwamba mwanamke na mwanamume wenye sonona ya kiwango kimoja hawalijibu swali hilo sawa, kwa sababu mwanamume amefundishwa tangu utotoni asilie. Swali moja lisilo la haki linaweza kusogeza jumla. Tena tazama PHQ-9 uliyoijaza: haina swali la hasira, haina swali la pombe, haina swali la kucheza kamari. Pacha wako angeweza kupata alama ndogo kwa uaminifu kabisa.

#4 – Mleta uzi

Mwalimu, shikamoo. Nimelipokea karipio na ninaliona ni la haki. Sikukusudia kusema kwamba wanaume waliumia zaidi, wala kwamba mimi nilihesabiwa kwa upendeleo. Alama zangu 17 zilikuwa za kweli, na zilitokana na ndoo, na mgongo wa bibi, na usiku usio na usingizi. Ninachodai ni kwamba mzigo wangu ulikuwa na jina nyumbani na chuoni, hata kama hakuna aliyenipunguzia, na wa Doto haukuwa na jina. Mama alisema "Kulwa amechoka". Kuhusu Doto alisema "huyu mtoto sijui kaingiliwa na nini".

Ndugu yangu wa Kilifi, ahsante kwa ukweli wako. Sikuwa nimefikiria kabisa suala la sheria, na sasa ninajiuliza ni madodoso mangapi ya mwaka ule yana sifuri kama yako. Hata hapa kwetu kujaribu kujiua ni kosa la jinai, na ninadhani wengi waliosoma swali la tisa waliona polisi kabla ya kumwona daktari.

#5 – Mchangiaji wa Mwanza

Nimesita siku mbili kabla ya kuandika. Mleta uzi ameuliza nyumbani tulikuta nini, na mimi naona jibu la wasichana wengi halijatajwa.

Kwangu chuo kilikuwa ndiyo mahali pa kwanza maishani mwangu ambapo mlango wa chumba ninacholala unafungwa kwa ufunguo nilio nao mimi. Kilipofungwa nilirudi katika nyumba ambayo kuna ndugu mmoja mkubwa niliyekwisha kujifunza kumkwepa tangu nikiwa darasa la sita. Sitaeleza zaidi ya hapo. Kwa siku zote zile nililala na nguo za mchana, na kitanda nilikivuta mpaka mlangoni. Watu walikuwa wanaogopa kupeana mikono. Mimi niliogopa saa ambayo umeme unakatika.

Mwezi Mei akaja mshenga. Wazazi hawakuwa watu wabaya. Walikuwa na deni, chuo hakikujulikana kitafunguliwa lini, na mtu aliyeleta posa alikuwa na duka. Tangazo la tarehe 21 Mei kwamba vyuo vitafunguliwa ndilo lililoniokoa, maana baba alisema nimalize kwanza. Wenzangu wawili wa darasa letu hawakurudi. Mmoja alikuwa ameolewa na mwingine ni mjamzito.

Kenya jambo hili lilifika mpaka kwa mkuu wa nchi: mwezi Julai 2020 Rais Kenyatta aliagiza kituo cha taifa cha utafiti wa uhalifu kichunguze ongezeko la ukatili wa kijinsia na mimba za wasichana katika kipindi kile. Ninakubaliana na Mwalimu. Tukizungumzia wasiwasi wa wasichana kana kwamba ni tabia ya kike ya kuwaza sana, tutakuwa tumeruka sababu. Mimi sikuwa ninawaza sana. Nilikuwa ninalinda mlango.

#6 – Mchangiaji wa Kilifi

Dada wa Mwanza, pole sana. Nimesoma ujumbe wako mara tatu. Nilipoandika kwamba nilimwonea wivu dada yangu kwa kukumbatiwa, sikujiuliza ni nini kingine alichokuwa anakibeba. Leo nitampigia simu.

#7 – Mshauri nasaha

Nimefanya kazi ya ushauri nasaha kwa wanafunzi kwa zaidi ya miaka kumi katika vyuo viwili ambavyo sitavitaja. Ninaomba nieleze tulichokiona vyuo vilipofunguliwa, kwa sababu kinahusiana moja kwa moja na alichokiandika mleta uzi.

Wasichana walikuja wawili wawili. Karibu kila mara alikuwapo anayeletwa na anayeleta, na anayeleta alikuwa amekwisha kunieleza nusu ya habari kabla mwenzake hajakaa. Rafiki wa hosteli amefanya kazi kubwa katika afya ya akili ya mabinti wa vyuo vyetu, na hakuna anayemlipa. Wavulana hawakuja. Walioletwa kwangu waliletwa na barua: kutoka kamati ya nidhamu kwa sababu ya kupigana, kutoka ofisi ya mitihani kwa sababu ya kutohudhuria, au kutoka kwa mlinzi aliyemkuta mtu amelewa. Yaani wasichana walinifikia wakiwa wagonjwa, na wavulana walinifikia wakiwa watuhumiwa, na mazungumzo na mtu anayejiona mtuhumiwa huanza kwa kujitetea.

Mwaka ule nilibadilisha swali langu la kwanza. Nilikuwa nimefundishwa kuanza na "unajisikiaje?", na kwa wavulana jibu lilikuwa "niko poa" hata kwa mtu ambaye macho yake yalikuwa mekundu. Nikaanza kuuliza: unalala saa ngapi na unaamka saa ngapi, mara ya mwisho umekula nini na wapi, una deni la nani, na nyumbani ukiwa haupo wanasema nini juu yako. Swali la deni lilifungua milango ambayo sikuwahi kuifungua kwa swali la huzuni. Kwa wasichana nililazimika kuongeza swali ambalo nilikuwa ninaliogopa, nalo ni kama nyumbani kuna mtu anayemwogopa, na niliuliza peke yetu, bila yule rafiki aliyemleta, kwa sababu mambo mengine hata rafiki hayajui.

Kuna jambo la ratiba ambalo lingewezekana bila fedha nyingi. Ofisi ya mitihani ina orodha ya waliokosa majaribio katika wiki nne za kwanza. Orodha hiyo, ikifika kwa mshauri kabla haijafika kwenye bodi ya mitihani, ina majina ya wengi wa kina Doto. Nilipendekeza hivyo nilikokuwa mwaka 2020, nikaambiwa ni siri ya kitaaluma. Ninaelewa hoja ya siri, ila orodha hiyohiyo ilibandikwa ubaoni mwezi uliofuata kama orodha ya waliofeli.

Kenya kikosi kazi cha kitaifa kilichoongozwa na Dakta Frank Njenga kilikabidhi ripoti mwezi Julai 2020, katikati ya janga, kikapendekeza afya ya akili itangazwe kuwa dharura ya taifa. Ningependa kuona vyuo vya Afrika Mashariki vikijiuliza swali dogo kuliko hilo: siku tutakapowaambia tena wanafunzi waondoke ndani ya saa 24, je, yupo atakayepewa ruhusa ya kubaki hosteli kwa sababu nyumbani hakufai? Mwaka 2020 wanafunzi wa kigeni waliruhusiwa kubaki mahali fulani ninapopafahamu, kwa kuwa mipaka ilifungwa. Mchangiaji wa Mwanza alikuwa na mpaka wake uliofungwa pia.

#8 – Mwalimu wa takwimu

Mshauri ameeleza kwa aya tano kile ambacho mimi ningekihitaji muhula mzima. Ninaongeza tahadhari moja tu: maswali hayo ya usingizi na deni waulizwe wote, wa kike na wa kiume. Tukianza kuwa na dodoso la wavulana na dodoso la wasichana, tutampoteza msichana anayebeti na mvulana anayeogopa mtu nyumbani, nao wapo.

Mleta uzi, samahani kama ninaingilia ya ndani. Pacha wako yuko wapi sasa?

#9 – Mleta uzi

Mwalimu, hujaingilia. Nilimsomea Doto uzi wote kwa simu jana usiku, na alinitaka nijibu mambo mawili kwa niaba yake.

La kwanza, yuko Kahama, ana duka la simu na amejiunga upya na masomo, safari hii ngazi ya diploma, kwa mafunzo ya jioni. Amelipa madeni yote ya wakati ule isipokuwa moja, ambalo mwenyewe aliyemkopesha alilifuta. Na baba wanazungumza. Ilichukua miaka miwili, na aliyewakutanisha ni bibi, ambaye alimwita Doto amgeuze kitandani siku ambayo mimi sikuwapo. Kuanzia siku hiyo kazi ile ikawa yake kila alipokuwa nyumbani. Anasema ndiyo kazi ya kwanza aliyopewa katika nyumba ile tangu chuo kifungwe, na kama angepewa mwezi Machi mwaka 2020, mimi nisingeumwa mgongo na yeye asingejua kama Belarus ina ligi.

La pili, nilimwuliza maswali ya Mshauri mojamoja. Lile la "unajisikiaje" alilijibu kwa kucheka. Lile la usingizi alikaa kimya, kisha akanieleza kwamba kuanzia Aprili mpaka Juni alikuwa akilala saa kumi alfajiri, na kwamba kuna usiku mwingi alinisikia nikiamka saa tisa na kulia upande wa pili wa ukuta. Nikamwuliza mbona hakugonga. Akasema alidhani nikimwona yuko macho muda ule nitamwuliza alikuwa wapi.